Gauni kalipunguza kiuno, kitabu kakipeleka kwa baba yake Mpwapwa, na mimi naogopa kudai

SWALI

Shikamoo anti, pole na majukumu. Mimi ni mdada wa miaka 31, nipo hapa Dodoma maeneo ya Nkuhungu, nafanya kazi steshenari, zile za kutoa kopi na kuchapa kazi za wanachuo. Sijaolewa ila nina mtoto mmoja. Naomba usinitaje jina maana mhusika anakusoma na yeye.

Anti mimi starehe zangu ni mbili tu, mitumba na vitabu. Sinywi, sitoki usiku, mwisho wa mwezi nikishatoa ada ya mtoto na hela ya vikoba kinachobaki ndo hicho hicho naenda nacho Sabasaba, au Jumamosi nakwenda mnada wa Msalato, wenzangu wanakwenda kula nyama choma mi nakwenda kuinama kwenye mitumba. Na sichukui ovyo, nina jicho, kuna wauzaji wakitaka kufungua belo wananipigia simu kabisa dada njoo. Nguo nikiishika naigeuza ndani kwanza, naangalia mshono, bitana, zipu kama ni ya chuma, lebo ndo ya mwisho. Vitabu hivyo hivyo, wale wanaopanga chini kwenye turubai mi naanzia chini ya lundo maana juu wanaweka vya mitihani na vya jinsi ya kutajirika, vya zamani vinakuwa chini kabisa vimebanwa. Nikinunua naandika kwa penseli ndani ya jalada nimekipata wapi na mwaka gani. Kusoma nasoma viwili kwa wakati mmoja, alfajiri kabla mtoto hajaamka nasoma kigumu, mashairi au historia, usiku nasoma upelelezi, zile za Willy Gamba za Elvis Musiba ninazo nyingi na nimezirudia hadi kurasa zinachomoka.

Sasa tatizo. Nina shoga yangu tumetoka mbali, tumepanga nyumba moja miaka ya nyuma, mtoto wangu anamwita mama mkubwa. Yeye akija kwangu anafungua kabati kama la kwake, na mi sijawahi kusema kitu. Mwaka huu kabla ya Pasaka akaja ana sendofu ya mdogo wake akachukua gauni langu la kitani, la rangi kama udongo wa huku kwetu, kola pana, vifungo vya kombe vya kweli sio plastiki, lina mifuko, anti hilo gauni nililipata shilingi elfu nne na sijawahi kuona jingine kama lile. Likarudi baada ya wiki kama tatu limepunguzwa kiunoni. Yani kalipeleka kwa fundi. Mimi ni mnene kuliko yeye, haliniingii. Nikamuuliza kwa upole tu akacheka, we nawe si mtumba, elfu nne hiyo nitakununulia hata mawili.

Nikanyamaza. Ila siku hiyo hiyo alivyochukua gauni aliona kitabu mezani, kile cha Mathias Mnyampala cha historia, mila na desturi za Wagogo, toleo la zamani la 1954, jalada la nyuma halipo ila kurasa zote zipo nimezihesabu. Nilikikuta kwenye lundo la vitabu vya hesabu vya shule, muuzaji mwenyewe hajui ni nini, kanipa kwa buku mbili. Mimi bibi yangu mzaa mama ni Mgogo, alifariki sijamuuliza chochote cha maana, kwa hiyo kile kitabu nilikuwa nakisoma taratibu sana, kila jina la ukoo naliandika kwenye daftari nampigia mama namuuliza hawa tunawajua, na mama anafurahi anakumbuka vitu hajawahi kutuambia. Nilikuwa sijafika hata nusu. Shoga akasema baba angu angekipenda hiki, akakiweka kwenye pochi. Baba yake ni mwalimu mstaafu yuko Mpwapwa.

Mpaka leo hakijarudi. Nikiuliza anasema mzee bado anasoma, mara nyingine akasema wazee wenzake wanakisoma kwa zamu, juzi nikaambiwa usiwe hivyo bwana, kitabu chenyewe hata jalada hakina. Na kinachonifunga mdomo ni kwamba mwaka juzi nilikwama kodi, huku unajua mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, huyu shoga ndo alinikopesha laki tatu wala hakunisumbua. Nilimrudishia yote, lakini anti utamdai vipi mtu kitabu cha buku mbili wakati yeye alikutoa kwenye aibu ya kutolewa vyombo nje?

Sasa hivi nikipata kitu kizuri nakificha. Nimeanza kuweka vitabu chini ya kitanda cha mtoto, kuna blauzi ya hariri sijaivaa hata mara moja naogopa ataiona. Hata hamu ya kwenda Msalato imepungua. Je mimi ni mchoyo? Na nifanyeje kitabu changu kirudi bila kuvunja undugu?

Msomaji, Nkuhungu

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Sio mchoyo. Mchoyo hafungui kabati lake mtu akachagua, na wewe umefungua miaka yote hiyo.

Nianze na kitu ambacho nadhani hamjawahi kukizungumza wewe na shoga yako, na ndo mzizi wa yote haya. Yeye anapima vitu vyako kwa bei uliyonunulia. Gauni elfu nne, kitabu buku mbili, kwa hiyo kichwani kwake jumla amekuharibia vitu vya elfu sita, na mtu aliyekukopesha laki tatu anaona elfu sita ni ya nini kununiana. Kwa hesabu hiyo yuko sahihi kabisa, shida ni kwamba hesabu yenyewe siyo. Bei ya mtumba inadanganya, inakwambia muuzaji amepata shilingi ngapi siku ile, haikwambii kitu kinapatikana au hakipatikani. Mtu akikuharibia sare ya dukani anakwenda dukani anarudisha nyingine saizi ile ile. Gauni lililotoka kwenye belo lilikuja moja, limeshonwa miaka hiyo huko ulaya na mtu tusiyemjua, la pili halipo Sabasaba wala Kariakoo wala popote. Aliposema nitakununulia hata mawili hakuwa anakudharau, alikuwa anaahidi kitu ambacho hakiwezekani na hajui kama hakiwezekani. Na wewe ulinyamaza, sasa angejulia wapi?

Na kitabu ndo zaidi. Wengi huku Dodoma tunapita barabarani na majina ya watu wetu tusijue waliandika nini, ngoja nimweleze na msomaji mwingine anayepita hapa. Mnyampala alizaliwa 1917 huku huku Ugogo, akafariki 1969, na ni katika washairi wakubwa wa Kiswahili ambao hawakutoka pwani. Zile ngonjera tulizokuwa tunasimama mstarini shuleni tunajibizana, huyo ndo aliyezikuza zikaenea nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Kabla ya yote hayo, mwaka 1954, uhuru wenyewe bado miaka saba, akakaa akaandika historia ya watu wake kwa Kiswahili, Mgogo anaandika habari za Wagogo, wakati sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yetu yaliandikwa na maofisa na wamisionari. Mwaka 1995 kikatolewa kwa Kiingereza huko Marekani kwa ajili ya wanavyuo. Kwa hiyo mtu wa Chicago anaweza kukisoma kwa Kiingereza, na wewe mjukuu wa Mgogo umekiokota kwenye lundo la vitabu vya hesabu. Mdogo wangu, hicho kitabu kifuate.

Nasema kifuate, sisemi kidai. Kuna tofauti. Ukimdai shoga yako kwa meseji kila wiki yeye anajitetea, na kitabu hana, kipo Mpwapwa, kwa hiyo unamgombeza mtu ambaye hawezi kukupa unachotaka hata akitaka. Kitabu anacho mzee. Basi nenda kwa mzee. Dodoma na Mpwapwa sio safari ya kulala njiani, unashika barabara ya Morogoro, Mbande unakata kwenda Kongwa, unatokea Mpwapwa, ukitoka asubuhi unarudi siku hiyo hiyo. Mtumie shoga ujumbe mmoja tu, usio na lawama wala emoji za kucheka za kupunguza makali, andika hivi: Shoga, Jumamosi nakwenda Mpwapwa kumsalimia baba na kuchukua kile kitabu cha Mnyampala, nakihitaji kwa ajili ya mambo ya bibi. Naomba umwambie nakuja. Basi, usimuulize kama inafaa, we mwambie siku.

Akikujibu usisumbuke nitakuletea, mwambie asante lakini nimeshapanga nataka kumwona na mzee pia. Na iwe kweli unataka kumwona mzee, maana hapa ndipo mimi naona una bahati ambayo hujaiona. Wewe unampigia mama simu kuuliza majina ya koo, na mama anakumbuka kidogo kidogo. Kuna mwalimu mstaafu Mpwapwa na wazee wenzake wanakisoma kitabu hicho hicho kwa zamu, wanabishana nakuhakikishia, huyu anasema hapa kaandika sawa, huyu anasema hapana ukoo wetu haukupita hapo. Hilo ni darasa, bibi yako angekuwepo angekaa pale. Nenda na daftari lako la majina, nenda na sukari na majani kama mtoto anayekwenda kwa wakubwa, kaa, uliza, andika. Waulize watemi gani wanawakumbuka kwa kuona na gani kwa kusikia. Ukiwa pale usikishike kitabu mkononi kwanza, acha wao wakifungue wakuonyeshe walipofika.

Halafu sasa wakati wa kuaga unakiomba, na mzee anaweza kusema mwanangu tuachie bado kidogo. Hapo usilegee. Mwambie kwa heshima, baba hiki ndicho nilichonacho cha upande wa bibi na sijakimaliza, ila kurasa zinazohusu ukoo wako nitakutolea. Wewe upo steshenari, karatasi na mashine unazo. Ila nakuomba kitabu cha umri huo usikilaze kifudifudi kwenye mashine ya kopi ukakibana, mgongo utapasuka na kurasa zitaachia, kifungue nusu tu, piga picha kwa simu ukurasa mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirishani sio jua kali, kisha uzichape kwa herufi kubwa, macho ya wazee yatakushukuru. Na mkononi nenda na kitabu kingine cha kumwachia mzee, umchagulie mwenyewe, kitu unachoweza kukipata tena.

Hapo ndo nataka ujifunze kugawa kabati lako, na wala sio kuficha chini ya kitanda cha mtoto. Kuna vitabu vikienda vimekwenda tu, haviumizi. Mtu akipotea na Rosa Mistika ya Kezilahabi au Vuta N'kuvute ya Shafi unaingia duka la vitabu unapata nakala nyingine mpya, vinachapwa, wanafunzi wanavisoma. Hivyo weka sebuleni mbele kabisa, mtu yeyote achukue, na ufurahi akichukua maana kitabu kikizunguka mtaa mzima ndo raha yake. Za Willy Gamba za zamani zinaazimwa kwa mtu unayemjua anarudisha, kwa sababu kuzipata ni bahati ya lundo. Na kile ambacho hakichapwi tena, au umekiandikia maneno yako pembeni, au unakitumia kutafuta watu wako, hicho kinasomwa kwako, kwenye kiti chako, na chai unampikia. Mtu akikipenda mwambie karibu hata kila siku uje ukisome hapa. Maktaba ya mkoa nayo ina vitabu vya kuazima na vingine vya kusomea pale pale ndani, na hakuna anayewaita wale wachoyo.

Nguo vile vile. Blauzi ya pamba, sketi za kawaida, mitandio, magauni unayoweza kupata yanayofanana nayo, azima kwa moyo mweupe. Gauni la pekee haliazimwi, linatolewa zawadi au linabaki. Na unayeazima nguo mwambie kabla hajatoka mlangoni, hili fundi haligusi. Inaonekana maneno makali lakini ukiyasema mapema yanapita kirahisi, ukiyasema baada ya mkasi yanakuwa ugomvi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yule aliyepeleka gauni la watu kwa fundi alikuwa anatafuta limsitiri kama la kwake.

Turudi kwenye lile gauni maana sijakata tamaa nalo. Ligeuze ndani sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Angalia mishono ya pembeni kiunoni. Kama fundi amebana tu na kitambaa cha ziada bado kimelala ndani, gauni lako lipo hai, fundi mwangalifu anafumua mshono mpya taratibu kwa kiwembe au kifumulio, anarudisha pale pa zamani. Kitani kinabaki na alama ya matundu ya sindano na mstari wa kukunja, usiogope, lowesha kitambaa cheupe, kikamue, weka juu ya alama piga pasi ya moto, rudia, kitani kinapenda maji na moto, alama nyingi zinapungua ukishalifua mara kadhaa. Kama amekata, hapo haliwezi kuwa lile, lakini linaweza kuwekwa kipande pembeni kuanzia kwapani mpaka chini, kulia na kushoto vilingane. Usitafute rangi ile ile hutaipata na itaonekana kiraka, tafuta rangi nzito zaidi makusudi, kahawia iliyoiva au nyeusi, ionekane ndivyo lilivyobuniwa. Vile vifungo vya kombe hata ikitokea gauni limeshindikana vitoe uvihifadhi, vitapendezesha shati la kawaida kabisa. Na gharama ya fundi, mwambie shoga yako. Mwambie lilirudi haliniingii, fundi anataka kiasi fulani kulirekebisha, naomba unisaidie. Yeye mwenyewe aliahidi mawili, hilo la kulipia fundi litamfurahisha kuliko unavyofikiri, maana itakuwa mara ya kwanza ameambiwa kuna kitu cha kurekebisha.

Sasa ile laki tatu. Naijua ile hofu, mwenye nyumba anasimama mlangoni na mtoto anaangalia. Aliyekutoa pale ana nafasi kwako na asiiondoe mtu. Lakini dawa ya deni kulipa, na wewe ulilipa yote. Kilichobaki ni shukrani, na shukrani mtu hailipi kwa kuacha vitu vyake vichukuliwe kimya kimya huku roho inauma, kwa sababu hata anayelipwa hajui kama analipwa. Unachofanya sasa hivi ni kumkata vipande vipande moyoni bila yeye kujua, umeanza kuficha, baadaye utaanza kusema haupo nyumbani akibisha hodi, na miaka hiyo yote ya mama mkubwa itaishia hapo, yeye akijiuliza nilimkosea nini huyu. Kama unataka kumshukuru mshukuru waziwazi. Siku utakayokwenda Msalato mwambie twende wote. Mfundishe kugeuza nguo ndani, mfundishe kuanzia chini ya lundo, akipata na yeye kitu chake cha pekee cha elfu tatu akakizunguka mji mzima kukitafutia mwenzake asikipate, ataelewa mwenyewe bila wewe kuongea neno.

Na kama ukishafanya haya yote, umemwambia kwa uwazi, na bado akafungua kabati akachukua kitu ulichokataza? Basi utakuwa umejua kitu kingine juu yake, na hapo kufunga kabati kwa ufunguo ni haki yako, wala usiniandikie kuniomba ruhusa. Ila kwa nilivyosoma barua yako sidhani kama mtafika huko. Mtu anayeona kitabu mezani kwa rafiki yake na wazo la kwanza linalomjia ni baba angu angekipenda hiki, huyo anajali, kakosea tu njia.

Mambo madogo kabla sijakuacha. Kitabu kikirudi usikibandike seloteipu hata kidogo, baada ya miaka inageuka njano inakula karatasi, kwa jalada lililokosekana kikunjie karatasi nyeupe safi na sio gazeti. Ukame wetu wa Dodoma unasaidia karatasi kuliko unyevu wa pwani, ila mchwa wa huku unawajua, chini ya kitanda cha mtoto sio mahali pa vitabu, vitoe leo viweke kwenye shelfu iliyoachana na ukuta. Penseli yako endelea nayo. Ile blauzi ya hariri ivae Jumamosi hiyo hiyo ya Mpwapwa, tupia na mtandio maana vumbi la kule sio la mchezo, na ukifika usisahau kumuuliza mzee kama anawajua watu wa bibi yako.